Boila la kuni la uani: moto ukae nje, joto liingie ndani

Kila vuli ikiingia Pemba kabla karafuu hazijamaliza kukauka, mazungumzo huwa yale yale. Mvua inapiga siku tatu mfululizo. Karafuu zilizokwisha chambuliwa zimerundikwa ukumbini, ukitia mkono katikati ya rundo unakuta zimepata joto zenyewe, na kufika siku ya nne zimepauka, zimesinyaa na zimeingia unga mweupe juu. Hizo hata likija jua la wiki nzima hazirudi daraja la kwanza. Ndipo mmoja anapotoa simu na kuonesha video ya Mmarekani aliyejenga boila la kuni nyuma ya nyumba yake, anapasha joto nyumba na karakana kwa moto mmoja. Wa pili anasema boila hulipuka, ni kitu cha kiwandani. Wa tatu anasema hilo ni pipa la kuchemshia maji tu, wala halina maajabu. Wa nne anauliza, sisi joto tunalo mwaka mzima, la nini tena?

Kila mmoja ana chembe ya ukweli, ndiyo maana mjadala hauishi. Yanachanganywa mambo mawili yasiyofanana, na mchanganyiko huo ndio unaoweza kumuua mtu.

Boila ni chombo kinachotoa joto kwenye moto na kulitia kwenye maji, bila moto na maji kukutana. Kuna boila la maji ya moto na kuna boila la mvuke. La kwanza, kwa namna inayojengwa hapa, ni ndugu wa birika: mdomo wake uko wazi, maji yanafika nyuzi 70 au 80, yanazungushwa kwenye mabomba, yanaacha joto lao mahali linapotakiwa, kisha yanarudi kupashwa tena. La pili ni ndugu wa sufuria ya presha: limefungwa, maji yanachemka ndani yake na mvuke unasukuma. Kiwanda cha makonyo (vikonyo vya karafuu) kule Wawi, Pemba, kinatumia mvuke kukamua mafuta ya makonyo na majani ya mkarafuu. Hiyo ni kazi ya boila la pili, lenye wahandisi, vipimo na ukaguzi. Makala haya yanahusu la kwanza tu. La pili lisijengwe uani na fundi yeyote, hata awe hodari kiasi gani wa kuchomelea.

Tofauti ya hatari ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke katika hewa ya kawaida huhitaji nafasi ya lita 1,600 hivi, yaani mapipa manane ya lita 200. Ukiunyima mvuke huo nafasi, unasukuma kuta. Maji yaliyofungwa yakifika nyuzi 120, msukumo wa ndani unazidi ule wa nje kwa kilo moja hivi kwa kila sentimita moja ya mraba. Inaonekana kidogo, lakini ipigie hesabu kwenye pleti ya sentimita 60 kwa 60: ni tani 3.6, kama ng'ombe kumi na wanne wa kienyeji wamesimama juu ya pleti moja. Na pleti ikipasuka mambo hayaishii hapo. Maji yale ya nyuzi 120 yakikutana na hewa ya wazi hayawezi tena kubaki maji yote. Katika lita 240, karibu lita 9 hugeuka mvuke papo hapo, mapipa zaidi ya sabini kwa kufumba na kufumbua, na maji yaliyobaki yanarushwa yakichemka. Anayesema boila hulipuka hakosei. Ila lililolipuka, mara nyingi utakuta ni boila la maji ya moto ambalo mtu alilifunga.

Na hulifunga kwa nia njema. Anaona joto linatoka kwenye bomba la juu, anasema linapotea bure, anatia koki pale. Au bomba linadondoka maji mlangoni, anaziba kwa kizibo. Kwa hiyo kabla ya vipimo na vifaa, kanuni ni hii: kutoka juu kabisa ya boila hadi hewa ya nje lazima kuwe na bomba lisilopungua inchi moja, lisilo na koki, valvu wala kizuizi chochote njiani. Hili ndilo bomba la kupumulia. Kila kitu kingine katika boila hili kinaweza kukosewa na kurekebishwa. Hili likikosewa, huenda asibaki wa kulirekebisha.

Sasa swali la yule wa nne. Ni kweli, hapa hakuna anayepasha ukumbi. Video zile zinatoka nchi ambazo theluji inafika magotini. Lakini joto lina kazi nyingine. Nyumbani kuna maji ya kuoga wakati wa kipupwe, maji ya kufulia, maji ya kumkanda mzazi siku arubaini, na wenye vyumba vya wageni wanajua wageni wanachouliza mwanzo. Karakanani kuna kukausha: karafuu, pilipili manga, mdalasini, mwani, hata mbao za seremala. Kazi zote hizi zinataka joto la wastani lisilo na moshi. Karafuu iliyokaushwa juu ya moto wa kuni huchukua harufu ya moshi, na mnunuzi aijua kabla hajafungua gunia. Hapo ndipo boila la nje linapofaa: kuni, jivu, moshi na cheche vinabaki uani, maji yanabeba joto peke yake.

Lakini kama haja yako ni maji ya kuoga tu, usijenge boila. Paneli ya jua ya kupashia maji juu ya paa, au hata bomba jeusi lililozungushwa kwenye bati, itakutosha karibu mwaka mzima bila kukata kuni wala kukesha na moto. Boila linalipa pale penye kazi ya kukausha, na maji ya nyumbani yanakuja kama nyongeza.

Tuanze na kuni, maana hapo ndipo hesabu nyingi zinapoharibika. Kilo moja ya kuni kavu, kwenye boila la kujitengenezea lililojengwa vizuri, hutia kwenye maji karibu nusu ya joto lake. Nusu nyingine inatoka dohani. Kupandisha lita 240 kutoka nyuzi 27 hadi 77 kunataka kilo 7 au 8 za kuni. Sasa chukua kuni mbichi. Nusu ya uzito wake ni maji: ukitia kilo kumi motoni, umetia pia lita tano za maji ambazo moto wako lazima uzichemshe na kuzitoa dohani kabla haujafanya kazi yako. Kazi ile ile itakula kilo 20 au zaidi, na boila litajaa lami ya moshi. Kuni za vuli zipasuliwe mapema mwaka, wakati wa kaskazi, zipangwe chini ya paa lenye pande wazi ili upepo upite masika nzima. Gonga vipande viwili: kavu hulia kama mbao mbili za dau, mbichi hutoa sauti iliyofunikwa.

Vifuu vya nazi vinatoa moto mkali na vinafaa kuchangamsha moto, lakini vikijazwa chumba kizima hupinda wavu wa chuma unaobeba kuni. Makumbi yawe yamekauka kweli, vinginevyo ni moshi mtupu. Mikandaa iachwe ilipo: misitu ile ndiyo inayozuia ufukwe usiliwe na ndiyo malezi ya samaki. Mbao zilizookotwa pwani nazo zina chumvi, na chumvi ikiungua inakula chuma kama tindikali. Boila la miaka kumi unaligeuza kuwa la miaka miwili.

Sasa umbo lenyewe. Pipa la mafuta la lita 200, ambalo wengi hulikimbilia kwa sababu lipo, lina ukuta wa milimita moja hivi. Linafaa kuhifadhia maji, halifai kukaa motoni. Litatoboka kwenye mstari wa maji ndani ya misimu michache. Tena pipa au mtungi uliowahi kubeba petroli, gesi au kemikali usiguswe kwa grainda wala moto wa kuchomelea. Mvuke wa mafuta hubaki kwenye mikunjo hata kama pipa linaonekana kavu, na mafundi wamekufa kwa kosa hilo.

Nunua pleti nyeusi ya milimita 6 kwa chumba cha moto, na ya milimita 4 au 5 kwa ukuta wa nje. Usitumie chuma cha zinki ndani. Kukichomelea kunatoa moshi mweupe unaomlaza fundi na homa usiku ule ule, na kwenye maji yaliyopita nyuzi 60 zinki huweza kuacha kukilinda chuma.

Chumba cha moto kiwe na upana wa sentimita 50, kina 60, kimo 50. Kizungushie koti la maji la sentimita 7 kila upande na nyuma, kisha juu yake acha nafasi ya maji ya sentimita 45. Ndani ya maji hayo ya juu yapitishe mabomba sita ya moshi ya inchi mbili, kutoka nyuma kuja mbele. Moshi unapanda nyuma ya chumba cha moto, unapita kwenye mabomba haya ukiacha joto lake majini, unatokea mbele kwenye kisanduku chenye mlango, ndipo unaingia dohani. Mlango ule ni wa lazima, kwa sababu mabomba ya moshi yasiyoweza kusuguliwa kwa brashi hufa kwa masizi. Boila la vipimo hivi linachukua karibu lita 240.

Kosa la kawaida la fundi ni kuacha pleti pana zikiwa tupu. Hata boila lililo wazi lina msukumo wa kimo cha maji: kila mita moja ya maji juu yake ni tani moja kwa mita ya mraba. Ukiweka tangi la kupumulia, yaani tangi dogo la juu linalopokea maji yanayotanuka, mita tatu juu, pleti ya sentimita 60 kwa 60 inabeba zaidi ya tani moja usiku na mchana, nayo itavimba kama tumbo la chewa. Kwa hiyo pleti ya ndani na ya nje zishikanishwe kwa vipande vya nondo ya milimita 16, vikipita kwenye koti la maji na kuchomelewa pande zote mbili, kimoja kila baada ya sentimita 15 hadi 20. Na tangi la kupumulia liwe chini kadiri inavyowezekana, lakini juu kuliko kitu chochote kinachopita maji ya boila. Ukubwa wake? Maji ya lita 240 yakipanda hadi nyuzi 80 hutanuka lita 6 hivi, na yakifika kuchemka karibu lita 10. Tangi la chuma la lita 20 lenye kifuniko kilichokaa tu, kisichofungwa, linatosha.

Kabla ya rangi, lipimwe kwa maji. Simamisha bomba la mita tatu juu ya boila, jaza mpaka juu, acha usiku kucha, asubuhi pitisha kidole kavu kwenye kila mshono. Usipime kwa upepo wa kompresa. Maji yakipata tundu hudondoka. Upepo uliobanwa ukipata tundu hurarua.

Kuna jambo moja kuhusu moto ambalo video hazilielezi. Moshi nao ni kuni. Ni gesi inayowaka ikifika nyuzi 600 hivi, lakini chumba cha moto kilichozungukwa na maji pande zote hakifiki huko; kuta zake ni baridi, moshi unazimika kabla haujaungua na unatoka mweusi. Ndiyo sababu maboila ya nje yaligombanisha majirani huko Marekani, hadi mwaka 2015 serikali ikayawekea viwango vya moshi. Dawa yake ni kuvisha nusu ya chini ya chumba cha moto kitu kinachohifadhi joto, ili pale kuni zinapowaka pawe pekundu, na maji yachukue joto juu zaidi.

Cha kuvisha nini? Hapa mafundi wa Unguja na Pemba hukosea kwa kutumia kile walichokizoea: jiwe la matumbawe. Linajenga nyumba za karne nyingi, lakini kumbuka chokaa ya nyumba hizo ilipatikana vipi. Jiwe hilo hilo lilipangwa juu ya magogo kwenye tanuu, likachomwa hadi likawa chokaa. Ukilitia kwenye chumba cha moto unajenga tanuu la chokaa bila kujua. Baada ya wiki chache linamung'unyuka, na ukilimwagia maji linachemka. Tofali la saruji nalo hupasuka. Tumia matofali ya udongo ya kuchoma, au udongo wa kufinyangia vyungu uliochanganywa na mchanga na vigae vilivyopondwa, unene wa sentimita 5, uachwe ukauke kivulini wiki mbili kabla ya moto wa kwanza, na moto huo uwe mdogo.

Wavu wa kuni uwe wa nondo za milimita 16, ziachwe nafasi ya kidole, zisichomelewe kwenye kuta. Zilale tu, kwa kuwa zitapinda na utazibadilisha. Hewa iingie chini ya wavu kwa kijilango unachoweza kukipunguza. Dohani iwe ya inchi 6, ipande mita tatu hadi nne, na juu yake wavu wa kuzuia cheche. Penye mapaa ya makuti jirani hili si la hiari. Kaa mbali nayo mita 20 walau, na kama nafasi hiyo huna, boila hili si la uwanja wako.

Mahali pa kuliweka chagua kwa upepo. Kaskazi inavuma kutoka kaskazini-mashariki, kusi kutoka kusini-mashariki. Pepo zote mbili zinatoka upande wa macheo, basi boila likae upande wa machweo wa nyumba na karakana, moshi uende zake msimu wowote. Kisha tazama nani anaishi machweo yako, ukazungumze naye kabla hujachimba msingi. Na lisiingizwe karakanani hata kwa mvua kubwa, wala banda lake lisizibwe pande zote. Moto wa kuni hutoa kaboni monoksaidi, hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala chumba kimoja nayo haamki.

Tukija kwenye mabomba, watu huuliza: maji ya boila ndiyo tunayoyaoga? Hapana, na hapa ndipo elimu yote ya kutu ilipo. Maji mapya huja na hewa ndani yake, na hewa hiyo ndiyo inayokula chuma. Maji yakishapashwa mara kadhaa, hewa hiyo hutoka na kutu hupungua sana. Kwa hiyo maji ya boila yatiwe mara moja, yakae humo humo mwaka baada ya mwaka, yaongezwe tu kile kidogo kilichopotea. Kila anayeyamwaga na kutia mapya kwa sababu yamekuwa mekundu analisha kutu. Tena maji yetu mengi yanatoka kwenye miamba ya chokaa. Tazama ndani ya birika lako: utando ule mweupe ndio utakaojipaka kwenye pleti ya moto, uzuie joto lisipite, mpaka chuma kiungue. Jaza boila kwa maji ya mvua yaliyokingwa masika baada ya paa kuoshwa na mvua za mwanzo. Maji ya bahari wala ya kisima chenye chumvi yasikaribie.

Maji ya nyumbani yapite ndani ya koili, bomba la shaba au la chuma kisichoshika kutu, la milimita 15, urefu wa mita 12, lililozamishwa kwenye maji ya juu ya boila. Linapoingia na kutoka kwenye pleti tia viungo vya shaba nyeupe, shaba na chuma visigusane moja kwa moja. Maji ya tangi la paa yanaingia baridi, yanatoka ya moto, bila kuchanganyika na ya boila. Usiweke valvu ya njia moja kwenye bomba la baridi: koki za nyumbani zikiwa zimefungwa, maji ya koili yanayotanuka yanahitaji njia ya kurudi tangini. Utando wa chokaa utaingia kwenye koili badala ya boila, lakini koili unaweza kuisafisha kwa kuijaza siki au maji ya ndimu usiku mmoja. Na maji ya nyuzi 70 huunguza ngozi kwa sekunde moja tu. Karibu na bafu pawe na kichanganyio cha maji ya moto na baridi, hasa nyumba ikiwa na watoto.

Bomba la PVC halifai popote pa maji ya moto. Linalegea na kuning'inia kama makuti mabichi. Bomba la plastiki la PPR linalotengenezwa kwa maji ya moto linafaa upande wa nyumba. Mita mbili za mwanzo kutoka kwenye boila ziwe za chuma.

Kuelekea karakanani, tumia pampu ndogo ya kuzungusha maji. Lakini umeme ukikatika, moto haukatiki. Pemba inapata umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga tangu mwaka 2010, na hata hivyo kukatika kupo. Pampu ikisimama na chumba kimejaa kuni, maji yatachemka. Boila lililo wazi litapumua mvuke na hakuna kitakachopasuka, ila unapoteza maji. Kwa hiyo funga pia mzunguko wa pili usiohitaji umeme: tangi la chuma lililo juu ya boila, bomba la inchi moja na robo likipanda kutoka juu ya boila hadi juu ya tangi, jingine likishuka kutoka chini ya tangi hadi chini ya boila. Maji ya moto ni mepesi, yanapanda yenyewe. Ya baridi yanashuka. Sharti lake ni moja, mabomba yawe na mwinuko njia nzima. Penye nundu hata ya kidole, hewa hujikusanya na mzunguko hufa. Ukisikia ngo, ngo, ngo ndani ya bomba, ni mvuke umekwama kwenye nundu kama hiyo.

Chumba cha kukaushia kiwe na radieta ya gari la mizigo, iliyosafishwa vizuri kutoa dawa ya zamani ya kupoza injini, na feni nyuma yake ikisukuma hewa kupitia trei za wavu. Karafuu zilale unene wa sentimita 3, zigeuzwe kila baada ya saa tatu. Halijoto ya hewa iwe nyuzi 45 hadi 50. Ikipita 55 unapoteza mafuta, na mafuta ndiyo asilimia 15 hadi 20 ya karafuu kavu. Pua itakwambia kabla ya kipimajoto: chumba kikinukia karafuu hadi barabarani, punguza.

Hapa linarudi kosa lile lile la kuziba. Watu hufunga chumba barabara joto lisitoke, kisha wanashangaa kuta zinatoa jasho na karafuu zinaota ukungu. Kukausha si kupasha, ni kuondoa maji. Kilo 100 za karafuu mbichi hubakia kama kilo 33, na zile lita 67 zilizobaki lazima zitoke chumbani zikiwa zimebebwa na hewa. Acha tundu la sentimita 30 kwa 30 karibu na dari, upande ulio mbali na feni. Ndiyo, joto linatoka nalo, na ndiyo maana kazi hii inakula kuni: kwa kilo 100 mbichi weka kilo 60 za kuni kavu mkononi. Hesabu hiyo yenyewe inaonesha jua libaki mkaushaji wa kwanza, na boila liwe la siku za mvua na la usiku. Karafuu iliyokauka ukiivunja hulia tak na haikunjiki.

Yanayoharibika baadaye mengi yana chanzo kimoja: boila linaloendeshwa baridi. Maji yakirudi kutoka karakanani chini ya nyuzi 55, mvuke uliomo ndani ya moshi hugeuka maji juu ya chuma baridi, unachanganyika na lami, na tindikali hiyo inatoboa pleti kutoka upande wa moto, ambako hakuna anayetazama. Dalili yake ni ute mweusi unaoteremka kwenye kizingiti cha mlango. Usianzishe pampu ya karakana mpaka boila lifike nyuzi 65, na tia kibomba cha njia ya mkato kinachochanganya maji ya moto na yanayorudi. Vilevile washa moto mdogo unaowaka wazi badala ya kujaza chumba na kuubana hewa usiku kucha.

Na siku boila litakapokutwa limekauka huku moto ukiwaka, usilitie maji. Maji baridi kwenye pleti nyekundu hupasua mishono na kurusha mvuke usoni. Funga kijilango cha hewa, mwagia makaa mchanga, ondoka, rudi kesho yake.

Msimu ukiisha, sugua mabomba ya moshi, toa jivu lote mpaka pembeni, kwa sababu jivu hunyonya unyevu wa hewa yetu na kulisha kutu. Paka chumba cha moto mafuta ya gari yaliyotumika, funika dohani kwa bati, na liache boila limejaa maji.